Maswali na majibu: Uzamivu wa ustawi wa jamii ni wa nani, na unampeleka wapi?

Barua za safari hii karibu zote zinauliza kuhusu kusoma ustawi wa jamii hadi ngazi ya uzamivu. Baadhi nimezifupisha.

Swali: Nimekuwa afisa ustawi wa jamii kwa miaka minane na uzamili ninao. Nataka kuzihudumia familia vizuri zaidi. Je, nisome uzamivu?

Kwa lengo hilo peke yake, hapana. PhD inamfundisha mtu kuzalisha maarifa: kuuliza swali ambalo halijajibiwa, kulitafutia ushahidi, kisha kulitetea mbele ya watu wanaotafuta makosa yako kwa kurunzi. Miaka minne, mitano au zaidi utaimaliza na data na majarida, siyo na familia. Nimeona watu wenye akili nyingi wakiacha katikati kwa sababu walichokitaka tangu mwanzo hakikuwa utafiti.

Ipo pia DSW, udaktari wa kitaaluma wa ustawi wa jamii. Katikati ya karne ya 20 vyuo vingi vya Marekani viliitoa kama shahada ya utafiti, kisha vingi vikahamia PhD. Mwaka 2007 Chuo Kikuu cha Pennsylvania kikaifufua kwa ajili ya watendaji, na vingine vikafuata. Leo inawafaa wanaotaka kuongoza huduma, kusimamia wenzao kitaaluma au kufundisha masomo ya vitendo. Angalia tu mfuko wako: mwanafunzi wa PhD mara nyingi hupata ufadhili kwa kusaidia utafiti au kufundisha, ilhali wa DSW mara nyingi hujilipia huku akiendelea na ajira. Kama haja yako ni ujuzi wa aina fulani ya ushauri nasaha kwa familia, mafunzo mafupi yenye usimamizi wa karibu yatakufikisha mapema zaidi.

Swali: Hesabu na mimi hatupatani. Nikichagua utafiti wa mahojiano, nitaziepuka takwimu?

Hutaziepuka, na mahojiano nayo si njia ya mkato. Nianze na takwimu. Chukua programu ya malezi iliyoanza na wazazi 100, wakamaliza 40, na watoto wa hao 40 wakaonekana kupigwa mara chache zaidi. Ripoti itasema programu imefaulu. Mtu aliyefundishwa atauliza kwanza wale 60 walikwenda wapi. Huenda waliobaki ndio waliokuwa na nafasi, na wenza wanaowaunga mkono. Hao pengine wangebadilika hata bila mafunzo. Kuliona pengo hilo hakuhitaji kipaji cha hesabu. Kunahitaji mazoezi ya kusoma jedwali kwa mashaka, na kozi za takwimu zipo kwa ajili hiyo. Programu ya kompyuta ya takwimu, iwe Stata, R au SPSS, utaizoea kama ulivyoizoea simu yako. Kazi ngumu ni kujua unaiuliza nini.

Sasa mahojiano. Saa moja ya sauti iliyorekodiwa inaweza kukula saa nne hadi sita za kuinukuu neno kwa neno, kabla hujaanza kuichambua. Na ubora wake unaamuliwa na swali ulilouliza. Ukimwuliza mama, "Je, unaelewana na mume wako?" atajibu "Ndiyo, tunaelewana," na hapo umefunga mlango. Mwambie, "Nieleze jana jioni ilivyokwenda, tangu watoto walipoingia nyumbani." Atakutajia nani alipika, nani alinyamaza, nani alilala mapema. Hapa wewe uliyefanya kazi na watu una mtaji kuliko mwanafunzi aliyetoka darasani moja kwa moja: unajua kukaa kimya hadi mwenzako amalize. Utakachojifunza upya ni kutotibu wakati unahoji. Mkono utawasha kutoa ushauri. Uzuie, isipokuwa mtu akiwa hatarini, na hilo panga mapema utalishughulikia vipi.

Swali: Nina mafaili ya wateja wangu wa miaka mingi. Si data tayari hizo?

Hapana, na tafadhali usiyaguse kabla hujapata vibali. Watu wale walikupa siri zao ili wasaidiwe. Ruhusa ya kuhudumiwa si ruhusa ya kuchunguzwa. Utahitaji idhini ya taasisi inayomiliki kumbukumbu, idhini ya kamati ya maadili ya utafiti, na utaratibu wa kuondoa kila kinachoweza kumtambulisha mtu. Kufuta jina hakutoshi: katika mtaa mdogo, "mjane mwenye mapacha aliyehamia baada ya mafuriko" anajulikana na kila mtu.

Kuwahoji wateja wako mwenyewe ni kugumu zaidi, maana anayekutegemea atakukatalia vipi? Kumbuka Tuskegee, Alabama. Kuanzia 1932 hadi 1972 idara ya afya ya serikali ya Marekani iliwafuatilia wanaume Weusi takriban 600, ambao 399 kati yao walikuwa na kaswende, bila kuwaambia ukweli wa ugonjwa wao. Penisilini ilipokuwa tiba ya kawaida miaka ya 1940 hawakupewa. Kiungo kati ya watafiti na wanaume wale alikuwa muuguzi Eunice Rivers, mtu waliyemwamini, aliyewasafirisha na kuwajulia hali. Sisi wa ustawi wa jamii tuisome habari hiyo kwa jicho lake yeye, maana nafasi yake ndiyo iliyo karibu na yetu. Kashfa hiyo ilichangia kuzaliwa kwa Ripoti ya Belmont ya 1979, yenye misingi mitatu: kumheshimu mtu, kumtendea mema na kutenda haki. Kwa hiyo wateja wako mwombe mtu mwingine awahoji, au hoji watu ambao hujawahi kuwahudumia.

Swali: Mbali na kufundisha chuoni, kuna ajira gani?

Nyingi, ila hazitangazwi kwa jina la "daktari wa ustawi wa jamii". Tafuta ufuatiliaji na tathmini, uchambuzi wa sera, utafiti wa huduma za afya, ulinzi wa mtoto, hifadhi ya jamii. Waajiri ni wizara, taasisi za utafiti, hospitali kubwa, mashirika ya Umoja wa Mataifa kama UNICEF, na asasi zinazotakiwa na wafadhili wao kuthibitisha kwamba fedha imeleta mabadiliko. Wengine hufanya ushauri elekezi kwa mikataba. Kipato kinapanda na kushuka, na nusu ya kazi ni kutafuta kazi.

Chuoni nako kuna sharti linalowashtua wengi. Marekani, baraza linaloidhinisha elimu ya ustawi wa jamii, CSWE, linataka anayefundisha masomo ya vitendo awe na uzamili wa fani hii na uzoefu wa kazi usiopungua miaka miwili. PhD haizibi pengo hilo. Vilevile, leseni ya ushauri nasaha na tiba huko hutokana na uzamili, saa za kazi chini ya usimamizi na mtihani. Kwa hiyo aliyetoka shahada ya kwanza akaruka hadi uzamivu anaweza kujikuta na cheo kikubwa na milango michache.

Lolote utakalochagua, jifunze kuandika kurasa mbili zinazosomeka. Katibu wa wizara hatafungua tasnifu yako ya kurasa 300. Mimi ningetaka kila mtahiniwa alazimishwe kuziandika kurasa hizo mbili kabla hajavikwa joho, lakini hakuna aliyeniuliza.

Swali: Nimchague vipi msimamizi?

Waulize wanafunzi wake wa sasa na waliomaliza, faragha, maswali matatu: sura ya tasnifu anairudisha baada ya muda gani, makala mnazoandika pamoja jina la nani linatangulia, na wangapi aliowasimamia wamehitimu. Umaarufu wake uje baadaye. Bingwa anayesafiri mwaka mzima atakuacha ukingoja barua pepe.

Swali: Nina miaka 46. Nimechelewa?

Kwa usomaji, hapana. Madarasa ya uzamivu ya fani hii yana watu wazima wengi kwa sababu uzoefu unathaminwa. Ila piga hesabu: ukimaliza na miaka 51 au 52, umri wa kustaafu kwa mwajiri unayemlenga ni upi, na ufadhili unaoomba una ukomo wa umri? Wapo wafadhili wenye ukomo huo. Uliza kabla ya kulipia fomu.