Miguu ya mzee imejaa maji, je ni matende?

SWALI: Habari mhariri, mimi niko Kasese. Mzee wangu ana miaka 67, hospitali wamesema moyo umechoka, haupampu vizuri, wakampa vidonge vya kukojoa. Sasa ni wiki ya pili, kukojoa anakojoa usiku kucha lakini miguu bado imejaa, jioni akivua soksi unaona mstari kama alifungwa kamba. Majirani wanasema ni matende, eti tumkande na mafuta ya moto. Daktari alitaja mishipa ya limfu ila foleni ilikuwa ndefu hakueleza. Hiyo limfu inahusiana vipi na moyo jamani?

JIBU: Pole sana ndugu, msalimie mzee. Kwanza mbonyeze juu ya kifundo kwa kidole gumba, hesabu mpaka kumi, achia. Kikibaki kishimo kama kwenye posho (ugali) ya moto na miguu yote miwili iko hivyo, basi kwa mzee huyu inaelekea ni maji ya moyo hayo. Matende yakishakaa ngozi inakuwa nene, ngumu, na mara nyingi mguu mmoja unaushinda mwenzake.

Sasa limfu. Hata kwa mtu mzima wa afya maji yanavuja siku nzima kutoka kwenye mishipa myembamba ya damu, na mishipa ya limfu ndo inayazoa, inayapandisha mpaka kifuani, halafu inayamwaga kwenye mshipa mkubwa wa damu chini ya shingo upande wa kushoto. Moyo ukilegea damu inarundikana, presha ya huo mshipa inapanda, kwa hiyo maji yanavuja zaidi na hapohapo limfu haina pa kuyamwaga. Watu wa Bwaise kule Kampala watanielewa haraka, mtaro wako unaweza kuwa safi kabisa lakini Lubigi, mfereji mkubwa unaopokea maji ya mitaro, ikijaa maji yanakurudia mlangoni. Limfu inajikaza, inapitisha mara kadhaa ya kawaida yake, mwishowe inatanuka na valvu zake, vile vilango vya kuzuia maji yasirudi nyuma, hazifungi tena.

Ndo maana vidonge vinatoa kwanza maji ya kwenye damu, ya miguuni yanafuata polepole, asiache dawa. Kumkanda kwa nguvu hapana, mnausukumia maji moyo ambao umeshazidiwa. Halafu apunguze chumvi, najua Katwe, ziwa la chumvi, iko hapo jirani, lakini ya ziwani nayo ni chumvi tu, na samaki wa chumvi vilevile.

Mpimeni uzito kila asubuhi akishakojoa, kabla ya chai. Akizidisha kilo 2 ndani ya siku 3, au akaanza kulala ameketi sababu pumzi inakata, mrudisheni hospitali siku hiyohiyo.