Nichague dawa ipi ya ADHD?

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni mama wa miaka 38, mzaliwa wa Tanga, na sasa ninaishi Leicester, Uingereza. Baada ya miaka mingi ya kuunguza sufuria, kupoteza funguo na kuacha kazi nusu nusu, nimepimwa na kuambiwa kuwa nina ADHD, yaani upungufu wa umakini unaoendana na kutotulia. Daktari wa hapa amenitajia methilfenidati, lisdeksamfetamini na atomoksetini, akanitaka nizifikirie. Presha yangu imewahi kupanda, na mama yangu ananiambia kwa simu kwamba nataka kulishwa dawa za kulevya. Nichague ipi?

JIBU: Marahaba. Nianze na mama, kwa sababu hofu yake ina msingi. Dawa mbili za kwanza ni vichangamshi, zinadhibitiwa na sheria huko Uingereza, na lisdeksamfetamini ni ya ukoo wa amfetamini, ukoo ambao kemikali ya miraa haiko mbali nao. Hata hivyo, dawa hiyo, inayouzwa kwa jina la Elvanse, humezwa ikiwa bado haina nguvu, kisha huamshwa kidogo kidogo ndani ya chembe nyekundu za damu, ndiyo maana haimpandishi mtu ghafla kama anavyotaka mwenye kutafuta ulevi.

Mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2018 huwaanzishia watu wazima mojawapo ya vichangamshi hivyo viwili, na usipopata nafuu ya kutosha baada ya wiki 6 za kipimo kinachofaa, unahamishiwa kingine. Hapo kinachoamua ni ratiba ya siku yako. Methilfenidati ya kawaida huisha nguvu baada ya muda wa saa 3 au 4, hivyo hurudiwa mchana, jambo gumu kwa mtu ambaye ugonjwa wake wenyewe ni kusahau; ile inayotoka polepole, iitwayo Concerta, hudumu kama saa 12 kwa kidonge kimoja cha asubuhi. (Usishtuke ukiliona ganda lake chooni, kwani dawa yenyewe imekwisha kutoka ndani yake.) Elvanse nayo huweza kupita hapo, kwa hiyo mwenye kuimeza saa 5 asubuhi asishangae usingizi ukimpaa usiku. Zote mbili hupunguza hamu ya kula.

Atomoksetini si kichangamshi. Hunywewa kila siku, mwisho wa wiki ikiwemo, na huchukua wiki kadhaa kabla ya kuonyesha kazi yake. Wengi huiacha mapema wakidhani imeshindwa. Wapo pia wanaoikimbilia kwa sababu ya presha, na hapo ndipo wanapokosea, kwa kuwa nayo huweza kupandisha shinikizo la damu na mapigo ya moyo kama zile nyingine.

Kwa hiyo, dada yangu, usichague kabla presha haijapimwa na kutulizwa. Pima nyumbani asubuhi na jioni kwa wiki moja, uandike, umpelekee daktari wako daftari hilo, na umweleze kama kuna mwenye ugonjwa wa moyo katika ukoo wenu, au kama unatarajia kushika mimba. Ukianza, kipimo huwa kidogo kwanza, kisha hupandishwa hatua kwa hatua huku presha, mapigo na uzito vikifuatiliwa. Na siku utakapokwenda Tanga kumwona mama, uliza kwanza ubalozi wa Tanzania kuhusu kuingia na dawa hizo, kisha uzibebe katika boksi lake pamoja na barua ya daktari.