Injini ya 3L: kwanza ujue inachongwa wapi

Kaka, umesema HiAce yako ya 3L (injini ya dizeli ya Toyota) inakula oili na kutoa moshi wa bluu, na mafundi wawili wamekupa bei za kuifungua na kuitengeneza upya injini zilizopishana mbali. Bei iache kwanza. Muulize kila mmoja: bloku (mwili wa injini wenye silinda) na krenki (shafti inayozungushwa na pistoni) anapeleka kuchongwa kwa mashine wapi? Nenda mwenyewe ukaone kama wanapima kwa maikromita, kile kifaa cha vipimo vidogo sana, au kwa macho. Pistoni za saizi kubwa zinunuliwe kwanza, ndipo silinda zichongwe kuzifuata. Anayechonga kabla hajawa na pistoni mkononi, mwache.

Mimi iliyonitia hasara ni silinda hedi, ile sehemu ya juu ya injini yenye valvu. Fundi aliirudisha bila kuipima kwa presha kuona kama inavuja, na baada ya miezi miwili gari likaanza kuchemsha. Kumbe kulikuwa na ufa katikati ya valvu. Yako ipimwe ukiwepo. Mkanda wa taimingi, unaoendesha valvu ziende sawa na krenki, nao uwe mpya, hata akikuapia ule wa zamani bado mzima.

Waranti aiandike: ni ya muda gani, na inahusu vipuri au kazi tu. Vipuri vilivyotolewa akukabidhi vyote, na uchafu wake.