Wasomaji wauliza: Amiloidi si wanga

Jambo wahariri. Baba yetu ana kidonda cha mfupa wa mguu kinachotoa usaha kwa miaka mingi. Sasa miguu yote imevimba, mkojo unatoa povu, na karatasi ya hospitali imeandikwa « amylose AA ». Ndugu mmoja alitafuta neno hilo kwenye simu, akasoma kwamba ni wanga, akamkataza baba bugali. Tufanye nini? — Msomaji wa Kadutu, Bukavu

Mpeni baba bugali. Kifaransa kinatumia neno hilohilo kwa sehemu ya wanga na kwa ugonjwa huu wa amiloidi. Chanzo ni Rudolf Virchow, daktari Mjerumani: mwaka 1854 alitia iodini kwenye tishu za maiti, akaona zinabadilika rangi kama wanga. Mwaka 1859 Friedreich na Kekulé walipima upya, wakakuta ni proteini.

Kila proteini hujikunja kwa umbo lake ndipo ifanye kazi. Zikijikunja vibaya, hushikana na kupangana kuwa nyuzi zenye unene wa nanomita 10 hivi, zisizoyeyuka, ambazo mwili hushindwa kuzivunja. Nyuzi hizo ndizo amiloidi. Proteini zaidi ya 30 za binadamu zinaweza kufika huko, kwa hiyo swali la kwanza daima ni: amiloidi ya aina gani? Herufi inayofuata A ya kwanza ndiyo jibu. AL hutoka kwa seli za uboho na hutibiwa kwa dawa kama za saratani. ATTR hutoka kwa transitiretini, proteini ya damu, na hupenda moyo na neva. Dawa ya moja haifai nyingine.

Ya baba yenu ni AA. Maambukizi yanapodumu, ini humwaga kwenye damu proteini iitwayo SAA, ambayo inaweza kupanda hata mara elfu moja. Ikikaa juu miaka mingi, kwa sababu ya mfupa unaooza, kifua kikuu, ukoma au baridi yabisi, vipande vyake hutulia kwenye figo. Chujio la figo linavuja albumini, proteini ya damu: ndiyo povu, ndiyo uvimbe.

Kwa hiyo tiba iko mguuni. Usaha ukiendelea, dawa ya kukojoza itapunguza maji tu huku figo zikizidi kuharibika. Ombeni radio (picha ya eksirei) ya mguu, daktari mpasuaji aondoe mfupa uliokufa, na usaha uoteshwe labo kabla ya kuchagua antibiotiki. Baadaye fuatilieni CRP (kipimo cha damu kinachopanda wakati wa maambukizi), proteini ya mkojo, kreatinini (kipimo cha kazi ya figo) na albumini. CRP ikishuka na kubaki chini, figo mara nyingi huacha kudhoofika, na povu hupungua polepole, kwa miezi, si kwa wiki. Chumvi isizidi kijiko kimoja cha chai kwa siku, mkihesabu na ile ya samaki wa chumvi. Tena, tunawasihi: msimnunulie diklofenaki wala ibuprofeni kwa maumivu ya mguu. Zinaua figo ambazo tayari zimeumia.

Tunajifunza labo kupaka tishu rangi nyekundu ya Kongo ili kutambua amiloidi. Kila kitu kinakuwa chekundu, lakini ile rangi ya kijani hatuioni. — Mwanafunzi, Lubumbashi

Wekundu peke yake si ushahidi. Kolajeni, proteini ya kawaida ya tishu, nayo hunywa rangi. Angalieni kwanza unene wa kipande cha tishu. Mikromita 3 au 4 za kawaida hazitoshi, kateni 8 hadi 10. Kisha hadubini: inahitaji vichujio viwili vya polarizesheni vilivyokingamana, na taa iwashwe kwa nguvu yote, chumba kikiwa giza. Amiloidi hung'aa kijani cha tufaha bichi, kolajeni hung'aa nyeupe.

Kwa njia ya Puchtler ya kuandaa rangi hiyo, alkoholi ya asilimia 80 iliyoshiba chumvi huongezwa soda kostiki ya asilimia 1, mililita 1 kwa kila 100, dakika chache tu kabla ya kutumia. Ikilala, rangi hushika kila mahali. Kila mara wekeni pembeni kipande mnachojua kina amiloidi. Kisipong'aa, tupeni matokeo ya siku hiyo.

Rangi hiyo haitoki kwetu. Iliuzwa Ujerumani mwaka 1885, jina la Kongo likivuma baada ya mkutano wa Berlin. Daktari Mjerumani Bennhold aliitumia kwa amiloidi mwaka 1922, na ukijani ulielezwa na Divry wa Liège, Ubelgiji, mwaka 1927.

Mama mkubwa anasahau sana, wanasema ana amiloidi ubongoni. Inaambukiza? Tutenge sahani zake? — Himbi, Goma

Msitenge chochote, kuleni naye. Ugonjwa wa Alzheimer hauambukizwi kwa sahani, mate wala kumuogesha. Ubongoni hukusanyika proteini nyingine, beta-amiloidi, tofauti na ile ya figo: mwenye AA haelekei kusahau kwa sababu yake, wala mama mkubwa hahitaji kupimwa figo kwa sababu hiyo. Mpimisheni kwanza tezi ya shingo, vitamini B12, kaswende, VVU na malaria, maana kusahau kunakotokana na hayo kunatibika.