Nauliza kitanda kabla ya rangi

Swali la wiki hii ni hili: ukianza kushona kitu cha mkono cha kudumu, unajua tayari ni cha nani, au unashona tu, mwenyewe atajulikana mbele ya safari? Mimi ni fundi cherehani hapa Njombe. Kazi yangu ya jioni ni mablanketi ya vipande: juu mabaki ya vitenge na khanga yaliyounganishwa, katikati blanketi kuukuu, chini kitambaa kizima. Kwangu mimi mwenye blanketi hutangulia, na bila kumjua sishiki mkasi. Lakini jina lake peke yake halinitoshi. Nataka kujua analala wapi, na nani atamfulia.

Tuanze na kitanda. Kipande nakikata inchi 6 na nusu kila upande. Robo inchi inaliwa na mshono huku, robo kule, kinabaki cha inchi 6. Mwanafunzi wa bweni analala dabo deka, godoro la futi 2 na nusu kwa 6. Ukiacha futi moja ya kuning'inia kila ubavu na futi moja miguuni, vinatakiwa vipande 9 kwa 14, yaani 126. Wanandoa wenye kitanda cha 6 kwa 6 wanataka 16 kwa 14, yaani 224. Tofauti ni vipande 98, na kila kimoja kimekatwa, kimepigwa pasi na kuunganishwa na mwenzake. Anayesema atashona kwanza, mtu aje baadaye, huishia na kitu cha katikati: bwenini kinaburura sakafuni, kwa wanandoa mmoja anaamka mgongo uko nje.

Kisha hali ya hewa. Hapa kwetu mwezi wa sita na wa saba baridi haina mzaha, blanketi la katikati ni lazima. Mdogo wangu ameolewa Tanga. Nikimpelekea la namna hiyo atalifanya la kutandika chini wageni wakija. Lake lina tabaka mbili tu, pamba juu na pamba chini, na vitenge vya poliesta nimevitoa vyote kwa sababu havinyonyi jasho.

Kufua ndiko wengi wanakokusahau. Blanketi la vipande likishalowa, mtu mmoja halikamui. Huyu anashika pembe hizi, yule anashika zile, kila mmoja anasokota kwa upande wake mpaka maji yatiririke, halafu linaanikwa kwenye kamba mbili, maana moja italegea liguse vumbi. Mama yangu mkubwa anaishi peke yake na mikono yake ina baridi yabisi. Kumshonea blanketi zito ni kumpa mzigo, atalikunja aliweke juu ya kabati asije akalichafua. Yeye nilimshonea vipande kama foronya kubwa yenye vifungo upande wa miguuni. Blanketi linaingia na kutoka, linalofuliwa kila mara ni gamba la juu tu. Wazo hilo lisingenijia kama ningekuwa nashona la mtu yeyote.

Kwa kuwa kufua kupo, kila kitambaa nakiloweka kabla ya kukata. Kitenge kipya hurudi kidogo kwenye maji, na chekundu huweza kuchuja. Ukitaka kukijua, kilowanishe, kiweke juu ya kitambaa cheupe, upitishe pasi. Cheupe kikigeuka rangi, chekundu hicho kirudi kwenye maji hadi kiishiwe.

Khanga nazo zina midomo. Ukikata kwenye mji, yaani katikati ya khanga, hupati shida, lakini ukikata chini karibu na pindo, unakata maneno. Wifi yako akikuta kipande kilichosalia na "hasidi" kutoka kwenye "Hasidi hana sababu", nani atamweleza kwamba mkasi ndio uliopita hapo? Blanketi la wifi, la mkwe, la mke mwenza, majina, yaani maneno hayo ya khanga, yote nayatoa. La mama, nikiwa na "Nani kama mama", naukata ule mstari mzima, nauweka upande wa kichwani, usomeke. Simulizi za Pwani zinasema leso yenyewe, yaani khanga, ilianzia kwenye kuunganisha: wanawake wa karne ya 19 walinunua vitambaa vya mkononi, wakaunganisha sita, vitatu kwa viwili, wakapata vazi moja. Wale walikuwa na bahati, walishona kwa kimo cha miili yao wenyewe.

Kazi ngumu zaidi ni ya khanga za marehemu. Dada mmoja aliniletea za mama yake, zimefungwa ndani ya khanga nyingine, bado zina harufu ya karafuu za sandukuni. Alitaka blanketi moja kubwa.

"Dada, atalala nalo nani?"

"Ni letu sote."

Nikamuuliza mko wangapi. Wanne: yeye hapa, mmoja Mbeya, wawili Dar es Salaam. Mimi naamini "letu sote" halina kitanda. Blanketi la wote hukaa kwa mmoja, na wale watatu wakitaka kugusa khanga za mama yao inabidi wabishe hodi. Nilimrudishia mzigo wake nikamwambia akazungumze na wenzake kwanza, khanga haziozi. Kuna fundi angeniona mjinga kwa kukataa pesa, lakini kitambaa kilichokatwa hakirudi kuwa khanga. Walikubaliana manne madogo, ya kujifunika mabegani ukiwa umekaa, na kila moja liwe na kipande cha kila khanga. Ya Dar es Salaam hayakuwekewa kitu katikati. Kuhusu khanga aliyokuwa amejitanda mama siku za mwisho walivutana kidogo. Mwishowe walisema isikatwe, ikae kwa dada mkubwa. Hilo nalo waliliamua kabla ya mkasi.

Kumjua mwenyewe si kumtangaza. Nikikaa barazani na vipande, kila apitaye anauliza, "La nani hilo?" Nikishataja jina, ahadi ni deni, hata tukikosana kabla sijapiga bandi, yaani kushikiza tabaka pamoja, blanketi ni lake. Na kama ni la mimba iliyo tumboni, wengi wetu hatupendi kuisemea kabla ya siku zake. Najibu "la mteja", basi. La mtoto mchanga lenyewe nalifanya jembamba, inchi 36 kwa 36, la kutandika mkekani achezee juu yake. Madaktari wa watoto wa Marekani wanashauri mtoto asiyetimiza mwaka asiachiwe mablanketi na mito mahali anapolala, kwani vinaweza kumziba pumzi, na mama ninayempelekea namweleza hivyo hivyo.

Mtauliza, na yale ya kuuza? Mtu hayupo, lakini kitanda nakichagua vilevile. Nashona ya 5 kwa 6, vipande 14 kwa 14, kwa sababu ndicho kitanda ninachoulizwa mara nyingi, khanga siweki hata moja, na chini natumia kitambaa cha rangi iliyokolea. Mteja wa 6 kwa 6 akilipenda namwambia wazi kwamba ubavuni litampungukia nusu futi huku na nusu kule. Akitaka linalomtosha, anipe vipimo, aniambie nani atafua, aje baada ya mavuno nikiwa sina sare za shule.