Re: Nataka kwenda Sevilla kusomea flamenko, naombeni ushauri

Usilipe hiyo kozi ya flamenko, ule muziki na uchezaji wa Hispania ya kusini. Kama fomu ya malipo iko wazi kwenye simu yako ifunge kwanza ndo uendelee kusoma.

Umeuliza mambo matano hapo juu: viatu, umri, viza, wachezaji wanalipwaje, na kama hiyo kozi ya "koreografia nne na cheti", yaani michezo minne iliyopangwa hatua kwa hatua, inafaa, halafu ukamalizia kwamba hela ya kikoba umeshachukua na unataka kulipa yote kabla punguzo halijaisha. Mdogo wangu, nilipofika kwenye hayo maneno ya koreografia nne na cheti roho imeniuma, maana ndo kitu hicho hicho nilichouziwa mimi nilipotua Sevilla, na nililipa yote mkupuo kwa sababu na mimi niliambiwa punguzo linaisha.

Ngoja nikwambie inavyokuwa. Unaingia studio ina kioo ukuta mzima, mwalimu yuko mbele, muziki unatoka kwenye spika, na unafundishwa solea nzima, mtindo mmojawapo wa flamenko, kwa namba za hatua, kulia kulia kushoto geuka, mpaka miguu inakwenda yenyewe. Ni muziki ule ule, rekodi ile ile, kila siku. Mwisho unajirekodi video unawatumia nyumbani, kila mtu anasema duh umekuwa Mhispania. Nilikuwa na miguu ya haraka kweli, visigino vinalia kama vinatakiwa, na nikaamini niko tayari.

Nikaenda kujaribiwa kwenye tablao moja ndogo, zile kumbi wanazocheza kila usiku watu wamekaa na vinywaji vyao. Sasa kitu ambacho hakuna mtu alinieleza ni kwamba kule hakuna mazoezi. Mpiga gita, mwimbaji na wapiga makofi mnakutana nyuma ya pazia muda mfupi kabla ya shoo, mnaulizana unacheza nini, unasema solea, beti mbili, halafu miguu, halafu tunamalizia na buleria, mtindo mwingine wa haraka, basi, mnapanda. Mpiga gita akaniuliza solea yako inakwendaje, nikamjibu nina koreografia yangu. Akanitazama tu.

Tukaanza. Mwimbaji akafungua ubeti wa kwanza, akafika katikati akauvuta mstari, akaukalia, akakaa nao kuliko rekodi yangu ilivyokuwa, na mimi miguu ikaendelea kama nilivyofundishwa, nikamgongea juu ya maneno yake yote. Kisha nikapiga ile ishara ya kumwita mwimbaji wakati yeye alikuwa bado hajamaliza kuimba. Akanyamaza. Gita likanifuata kidogo, halafu mpiga gita akaweka kiganja juu ya nyuzi, na nikabaki napiga visigino peke yangu ukumbi mzima kimya. Mwimbaji, mzee wa watu, hakunitukana, aliniambia tu, binti, mimi nilikuwa naongea. Na hiyo ndo picha kamili ya nilichofanya, nilimkata mzee kauli mbele za watu.

Yule mwalimu alijua. Hicho ndo kinaniuma mpaka leo kuliko hela. Yeye mwenyewe kakulia mle ndani, anajua fika mchezaji wa flamenko anacheza kwa kumsikiliza anayeimba, anajua solea ni mzunguko wa mapigo 12 na mkazo unakaa kwenye 3, 6, 8, 10 na 12, na hakuwahi hata siku moja kutukalisha chini tupige makofi ya huo mzunguko mpaka uingie damuni, kwa sababu kupiga makofi hakupigi picha nzuri na mgeni hawezi kurudi kwao na video ya makofi. Akatuuzia hatua. Kwenye bango lake kaandika flamenko ni urithi wa dunia, UNESCO 2010, kana kwamba UNESCO ndo wametia sahihi cheti chake. UNESCO waliitambua flamenko, hawakumtambua yeye. Hicho cheti hakuna tablao iliyowahi kuniomba nikionyeshe. Na kabla hamjaja kusema dada ana chuki, ndiyo ninayo, na risiti ninazo.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja na nitairudia mpaka mnichoke: makofi na uimbaji kwanza, miguu baadaye. Kabla hujalipa popote uliza swali moja tu, darasani kuna mwimbaji? Mtu mzima anayeimba kwa mdomo wake, siyo spika. Wakikujibu anakuja wiki ya mwisho, aga kwa heshima ondoka.

Anza na mtindo wa tangosi, ule ni mapigo manne, sikio litaushika haraka. Kaa na wapiga makofi, jifunze yale makofi makavu ya vidole kugonga kiganja na yale ya viganja vilivyokunjwa yanayotoa sauti nzito, maana mwimbaji akianza kuimba unatakiwa ushushe uende kwenye yale mazito ili asikike. Ndo uje solea, ndo uje buleria ambayo ni 12 vilevile ila inakimbia. Mtindo wa segiriya uache kabisa kwa sasa, nayo wanasema 12 lakini mikazo haiko sawasawa, utakuchanganya. Ukishaweza kupiga makofi ya solea nzima huku mwimbaji anavuta na kurudisha na wewe hupotei, utashangaa miguu inajua yenyewe wapi inyamaze na wapi ifunge mstari pale anapovuta pumzi. Wewe umeandika umecheza ngoma kwenye kikundi, basi unalo tayari sikio la kumfuata mpigaji, usikubali mtu akufundishe kuliziba.

Najua utaniambia mbona Carmen Amaya, yule mchezaji maarufu wa flamenko, maana kila mtu ananitajia yeye, mwanamke aliyevaa suruali akapiga miguu mpaka wanaume wakakaa. Haya mwangalie vizuri. Kazaliwa Somorrostro, vibanda vya ufukweni Barcelona, kaanza kucheza mtoto mdogo kwenye vilabu baba yake akipiga gita, na yeye mwenyewe alikuwa anaimba, amerekodi kabisa. Alipofariki 1963 alikuwa ameishi ndani ya huo muziki karibu maisha yake yote. Ile kasi tunayoiona kwenye filamu imekaa juu ya sikio la namna hiyo. Mchezaji Farruquito vilevile, babu yake ni Farruco, naye mchezaji, kapanda jukwaani bado mtoto, nyumba nzima wanaimba na kupiga makofi. Sisi hatukuzaliwa kwenye nyumba hizo, kwa hiyo inabidi tukakae mahali zilipo. Nenda mji wa Jerez, kusini mwa Sevilla, mitaa ya Santiago na San Miguel, tafuta vile vilabu vya wapenzi wa flamenko wanaviita penya, kaa nyuma usiku kucha usikilize. Usiombe kucheza. Sikiliza. Ukiweza panga safari wakati wa tamasha la Jerez, huwa Februari kuingia Machi, kozi zipo nyingi na utawaona wachezaji wakubwa wanafanya kazi na waimbaji wao.

Viatu: nunua vya kawaida vyenye misumari mbele na kwenye kisigino, vya bei kubwa subiri. Lakini usivipige kwenye vigae vya sebuleni wala zege, tafuta sakafu ya mbao, magoti na kiuno havina spea. Kunja magoti muda wote.

Viza ya kutembelea ya Schengen, zile nchi za Ulaya zenye viza moja, ni siku 90 ndani ya kila siku 180, kwa hiyo hiyo kozi yao ndefu haiingii humo, ubalozini utahitaji viza ya masomo. Waulize kama wanatambulika kwa ajili hiyo kabla hawajaona hata senti yako. Mimi hawakuniambia hilo pia.

Weka hapa ratiba ya hiyo kozi waliyokutumia, ile yenye saa na majina ya masomo, futa jina la shule. Nitakuonyesha mstari kwa mstari kama kuna uimbaji hata nusu saa. Na punguzo lao liache liishe.