Friji ya boti: kuwaka na kuzima kila dakika

Ndugu, friji ya volti 12 inayonguruma sekunde chache, ikazima, kisha baada ya dakika ikajaribu tena, mara nyingi haina ubovu wa gesi. Usikimbilie kumwita fundi wa gesi. Huyo atakula hela yako bure. Shuku umeme kwanza.

Betri kusoma volti 12.5 hakutoshi. Weka mita kwenye vituo vya kidude cha elektroniki kilichobandikwa ubavuni mwa kompresa, halafu usubiri iwake. Volti zikiporomoka hadi 10 hivi, kidude kinazima chenyewe ili kuilinda betri. Mzigo wa kompresa ukiondoka volti zinapanda, kinajaribu tena. Kompresa za Danfoss zikifungiwa kitaa cha hitilafu, kitawaka mara moja tu, kinatulia, kinarudia.

Mchawi huwa ni waya mwembamba na mrefu, au kichwa cha waya kilichoota kutu ya kijani kwa chumvi. Fungua mpaka kwenye fyuzi, piga msasa, badilisha vichwa. Usisahau waya wa hasi, watu wanauruka sana.

Volti zikiwa imara, angalia kama feni inazunguka.